Kushindana Bila Kuachana: Triathloni na Swali la Mwenzi

Utangulizi

Kitenzi shindana huwapa wanafunzi wa mofolojia mfano mwepesi. Chukua mzizi shind-, upachike kiambishi -an- cha kauli ya kutendana, umalizie kwa kiishio -a, na mhadhiri atakupa alama zako. Hata hivyo, mfano huu ukitazamwa kwa makini una ukinzani ndani yake. Watu wakipendana, kila mmoja humpenda mwenzake. Wakisalimiana, kila mmoja humsalimu mwenzake. Wakishindana je? Haiwezekani kila mmoja amshinde mwenzake. Kauli ya kutendana inadai usawa, ilhali maana ya kitenzi inadai mmoja awe mbele na mwingine nyuma. Lugha imewafunga wapinzani kwa kiambishi kilekile kinachowafunga wapenzi.

Nimelitafakari jambo hili tangu niliposhiriki, pamoja na mchumba wangu na marafiki wetu wawili, katika shindano dogo la triathloni huko pwani. Makala haya si masimulizi ya shindano hilo, ingawa nitaligusia panapobidi. Nia yangu ni kumweleza msomaji mchezo huu ambao haujazoeleka sana miongoni mwetu, na hasa kuchunguza swali ambalo mchezo wenyewe umehangaika nalo tangu ulipozaliwa: mtu anayeshindana ubavuni mwa mwenzi wake ana wajibu gani kwake? Amngoje? Amsaidie? Amwache?

Mchezo na jina lake

Triathloni ni shindano moja lenye sehemu tatu zinazofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Saa haisimami. Hata muda unaoutumia kuvua miwani ya kuogelea na kufunga kamba za viatu unahesabiwa katika muda wako. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako triathloni iliingizwa mara ya kwanza huko Sydney mwaka wa 2000, mwanariadha huogelea kilomita 1.5, huendesha baiskeli kilomita 40, kisha hukimbia kilomita 10. Yapo mashindano mafupi yenye nusu ya umbali huo, na yapo marefu ya kutisha, mashuhuri zaidi yakiwa yale ya Ironman: kilomita 3.8 majini, 180 juu ya baiskeli, na marathoni kamili ya kumalizia.

Jina limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya tatu na shindano. Wanaleksikografia watafurahia kisa chake. Tarehe 25 Septemba 1974, wanachama wa klabu moja ya riadha ya San Diego, Marekani, waliandaa shindano la aina hii katika ghuba ya Mission Bay. Waandalizi walikuwa Jack Johnstone na Don Shanahan. Johnstone alipoagiza vikombe vya washindi, fundi alimuuliza jina hilo linaendelezwaje. Kamusi alizotazama hazikuwa nalo. Akaliendeleza kwa kufuata mfano wa majina ya michezo mingine yenye asili hiyohiyo, na hivyo ndivyo neno lilivyoingia duniani: kwa haja ya kuchonga kikombe. Kwa upande wetu, sijaona istilahi ya Kiswahili iliyokubalika. Nimesikia watu wakisema mashindano ya michezo mitatu, lakini hayo yanaweza kuwa michezo mitatu yoyote, hata bao, karata na kuvuta kamba. Kwa hiyo nimelitohoa jina lenyewe.

Jioni hiyo ya 1974 walijitokeza washiriki 46. Miongoni mwao walikuwamo mume na mke, John na Judy Collins, pamoja na watoto wao. Naomba msomaji alizingatie hilo. Mchezo ambao leo unaonekana kuwa kilele cha upweke, mtu mmoja dhidi ya barabara, ulianza na familia iliyokwenda kucheza pamoja baada ya kazi.

Miaka michache baadaye akina Collins walikuwa wakiishi Hawaii, John akiwa afisa wa jeshi la majini. Ukazuka ubishi wa kawaida wa wanamichezo: ni nani mwenye mwili imara zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Akina Collins walipendekeza ubishi utatuliwe kwa kuunganisha mashindano matatu ambayo tayari yalikuwapo katika kisiwa cha Oahu, kila moja likiwa gumu kwa nafsi yake. Tarehe 18 Februari 1978 walianza wanaume 15, wakamaliza 12. Wa kwanza alikuwa Gordon Haller, aliyetumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. John Collins mwenyewe alimaliza baada ya takriban saa 17.

Hapa sina budi kurejea katika kitenzi chetu. Kushinda, katika Kiswahili, ni kupata ushindi, na pia ni kukaa mahali au katika hali fulani mchana kutwa. Twaulizana asubuhi tumelalaje na jioni tumeshindaje. Haller alishinda kwa maana ya kwanza. Collins alishinda kwa maana ya pili. Wengi wanaoingia katika mashindano haya, nami nikiwa mmoja wao, hutafuta ushindi wa aina hiyo ya pili tu.

Jambo jingine la kuzingatia kuhusu siku ile ya 1978 ni kwamba kila mshiriki alitakiwa kuja na watu wake wa kumhudumia. Walimfuata njiani na kumpa maji na chakula. Hatima ya mtu ilitegemea watu hao kwa kiasi kikubwa. John Dunbar, aliyekuwa wa pili, aliishiwa na maji wakati wa marathoni, na wasaidizi wake wakampa bia. Kwa hiyo hapo mwanzo msaada haukuwa kosa. Ulikuwa sharti.

Sheria ya upweke

Mchezo ulipokua, sharti likageuka kuwa kosa. Sababu yake inaeleweka. Ikiwa lengo ni kujua nani mwenye mwili imara zaidi, basi mwili huo lazima usimame peke yake. Mwenye marafiki wengi hapaswi kumpita mwenye nguvu nyingi. Siku hizi maji na chakula hutolewa na waandalizi katika vituo maalumu, sawa kwa wote, na msaada wa mtu wa nje huadhibiwa.

Sura ya sheria hiyo ilionekana na dunia nzima kupitia runinga mnamo Februari 1982. Julie Moss, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23, aliingia katika Ironman ya Hawaii kwa ajili ya utafiti wa tasnifu yake kuhusu fiziolojia ya mazoezi. (Wenzetu hukusanya data kwa hojaji, yeye alijifanya sampuli.) Aliongoza wanawake wote hadi karibu na mwisho, kisha mwili ukakataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Watu walimzunguka wakitamani kumshika, naye akawakataza, kwa kuwa mkono mmoja wa huruma ungeweza kuufuta mwendo wa siku nzima. Kathleen McCartney alimpita mita chache kabla ya mstari. Moss alitambaa hadi akauvuka, sekunde 29 nyuma.

Sheria ya upweke haiishii kwenye kuanguka. Inaingia hata katika hewa. Mwendesha baiskeli aendaye kasi hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuusukuma upepo. Anayejificha nyuma ya gurudumu la mwenzake huponea hapo na kuhifadhi miguu yake. Ndiyo maana katika mashindano mengi ya washiriki wa kawaida hairuhusiwi kumkaribia aliye mbele kwa chini ya mita 10 au 12, kutegemea urefu wa shindano, isipokuwa unapompita. Kwa wanariadha wa daraja la juu katika mashindano ya umbali wa Olimpiki mambo ni kinyume. Wao huruhusiwa kwenda kwa makundi na mara nyingi hupokezana zamu ya kukaa mbele na kuukata upepo, mahasimu wakisaidiana kwa kilomita 40 ili wapate kushindana katika 10 zilizobaki. Majini nako mtu anaweza kuifuata miguu ya mwenzake na kuvutwa na mkondo wake, na hakuna mwamuzi atakayemzuia.

Kwa hiyo mimi na mchumba wangu, tukiwa katika shindano moja, tuliruhusiwa kuogelea pamoja, tukakatazwa kuendesha baiskeli pamoja, na tungeweza kukimbia bega kwa bega mradi tusigusane. Mtu akiyapanga hayo kama hatua za uhusiano wowote wa wawili, sitambishia.

Tulikubaliana usiku uliotangulia: kila mtu na mbio zake. Marafiki wetu walikuwa mashahidi. Mmoja wao, mwalimu wa shule ya upili aendaye kazini kwa baiskeli kila siku, alisisitiza kwamba asiyekubali sharti hilo asiingie. Mchumba wangu amekulia karibu na bahari. Mimi nimekulia nyanda za juu na nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 25, katika kidimbwi ambacho sakafu yake niliweza kuigusa kila nilipotaka. Umbali ulikuwa mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia.

Baharini hakuna sakafu. Kufikia boya la kwanza nilikuwa nimekunywa maji ya chumvi mara mbili na pumzi zilikuwa zimenikatika. Sheria, kwa bahati nzuri, inamruhusu mwogeleaji kushika boya au mtumbwi wa waokoaji na kupumzika, ilmradi asiutumie kusonga mbele. Nililishika boya. Nilikaa hapo nikiziona kofia za wenzangu zikipungua mbele yangu, na katika hali hiyo ndipo lilinijia lile somo la shindana. Sikuwa nashindana na yeyote. Nilikuwa nashikilia boya.

Nilipotoka majini na kufika mahali pa kubadilishia, baiskeli nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka. Yake ilikuwapo. Alikuwa amechuchumaa kando yake akishughulika na kamba ya kiatu. Kwa mujibu wa mwalimu yule, aliyekuwa ametangulia kidogo, alikuwa ameishughulikia kamba hiyo kwa dakika nne na ushei. Alikuwa ametoka majini akiwa wa pili miongoni mwa wanawake.

Sikumshukuru. Nilikasirika. Nilihisi kwamba amenichukulia kitu, nami sikujua ni kitu gani. Yeye alinitazama mara moja, akaona ni mzima, akapanda baiskeli akaenda.

Bega la kaka

Ili kulielewa jambo hili vyema, tutazame kisa mashuhuri zaidi cha msaada katika historia ya mchezo huu. Alistair na Jonathan Brownlee ni ndugu wa tumbo moja kutoka kaskazini mwa Uingereza. Alistair, aliye mkubwa, alitwaa dhahabu ya Olimpiki huko London mwaka wa 2012 na huko Rio mwaka wa 2016. Jonathan alipata shaba katika ile ya kwanza na fedha katika ya pili. Walifanya mazoezi pamoja tangu utotoni na kushindana kila mara.

Tarehe 18 Septemba 2016, katika shindano la mwisho la msimu huko Cozumel, Meksiko, Jonathan aliongoza akielekea ushindi ambao, kwa hesabu za siku ile, ungempa ubingwa wa dunia. Joto lilikuwa kali na lenye unyevu. Zikiwa zimebaki mita mia kadhaa alianza kuyumba mithili ya mlevi, akasogea ukingoni mwa barabara na kusimama. Alistair alikuwa akija nyuma pamoja na Henri Schoeman wa Afrika Kusini. Angeweza kuwania ushindi. Badala yake aliupitisha mkono wa mdogo wake shingoni mwake, akamkokota hadi mwisho, na walipoufikia mstari akamsukuma avuke kwanza. Schoeman alikuwa wa kwanza, Jonathan wa pili, Alistair wa tatu. Ubingwa wa dunia ulikwenda kwa Mario Mola wa Uhispania kwa tofauti ya pointi nne.

Picha hiyo ilizunguka dunia nzima na wengi walilia. Shirikisho la Uhispania halikulia. Lilikata rufaa, na kwa maoni yangu lilikuwa na hoja: kama Jonathan angeachwa barabarani, asingekuwa wa pili. Rufaa ilikataliwa, kwa kuwa sheria za wakati huo hazikukataza mwanariadha kumsaidia mwanariadha mwenzake aliyemo mashindanoni. Baadaye sheria ilibadilishwa. Sasa mwanariadha hawezi kumsukuma, kumvuta wala kumbeba mwenzake ili asonge mbele. Wakifanya hivyo, wote wawili huondolewa.

Sheria za sasa zimechora mpaka wa ukarimu kwa namna ambayo nimeipenda kuliko nilivyotarajia. Unaweza kumpa mwenzako chakula au maji. Unaweza kumpa pampu au mpira wa ndani wa tairi. Huwezi kumpa viatu vyako, kofia yako ya usalama, gurudumu lako wala baiskeli yako nzima, yaani kitu chochote ambacho ukikitoa wewe mwenyewe huwezi kuendelea. Ukifanya hivyo, mnaondolewa nyote, mtoaji na mpokeaji. Sheria haikatazi kutoa. Inakataza kujitoa.

Nilipoisoma ibara hiyo nilitambua kilichonikasirisha pale kwenye baiskeli. Dakika nne hazikuwa maji wala pampu. Zilikuwa nafasi yake ya pili. Alikuwa amenipa viatu vyake.

Mikono iliyoshikana

Lakini sheria hiyo haijibu kila kitu, na kisa kinachofuata kinaonyesha udhaifu wake. Tarehe 15 Agosti 2019 lilifanyika shindano la majaribio la wanawake huko Odaiba, Tokyo, katika njia iliyoandaliwa kwa ajili ya Olimpiki. Kwa sababu ya joto, sehemu ya kukimbia ilipunguzwa kutoka kilomita 10 hadi 5. Waingereza wawili, Jessica Learmonth na Georgia Taylor-Brown, waliwaacha wengine wote. Walikuwa marafiki waliofanya mazoezi pamoja. Walipoukaribia mstari hawakuona sababu ya kumenyana, wakashikana mikono na kuvuka pamoja wakicheka.

Wote wawili waliondolewa. Kanuni inasema wanaomaliza kwa sare ya kupangwa, bila juhudi yoyote ya kutenganisha muda wao, hupoteza matokeo yao. Ushindi alipewa Flora Duffy wa Bermuda, aliyefika wa tatu.

Hapa hakuna aliyebebwa. Hakuna aliyechukua nafasi ya mwingine kwa nguvu zisizo zake. Kila mmoja alifika kwa miguu yake. Kosa lao lilikuwa kukataa kutenganishwa. Wapo watakaosema kwamba shindano bila mshindi mmoja si shindano, na kwamba aliyelipa kiingilio au kuwasha runinga alikuja kutazama mtu akimshinda mtu. Nakubali kwamba bila kanuni hii watu wangeweza kupanga matokeo kwa manufaa yao. Hata hivyo, nasisitiza kwamba wanawake hawa wawili walikuwa wamefanya kile ambacho kiambishi -an- kinadai na ambacho nilikiita muhali katika utangulizi wangu. Walishindana hadi kila mmoja akawa amemshinda mwenzake. Kanuni haikuwa na safu ya kuandika matokeo hayo.

Katika mashindano ya watu wa kawaida hali ni tofauti. Mume na mke, au marafiki wa ofisi moja, huvuka wakiwa wameshikana mikono kila wikendi katika pembe zote za dunia, na hakuna anayewahoji. Ukali wa sheria huanza pale ambapo nafasi ina thamani kwa mtu mwingine.

Kisa cha Tokyo kina sehemu ya pili. Olimpiki iliyoahirishwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona ilifanyika mwaka wa 2021, na njia ilikuwa ya Odaiba tena. Duffy alitwaa dhahabu ya wanawake na Taylor-Brown akapata fedha. Siku chache baadaye, tarehe 31 Julai, ulichezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki mchezo mpya wa kupokezana wa timu mseto: wanawake wawili na wanaume wawili, kila mmoja akimaliza triathloni fupi, kisha kumgusa mkono mwenzake anayeanza. Timu ya Uingereza ilimtanguliza Learmonth, akafuata Jonathan Brownlee, kisha Taylor-Brown, na wa mwisho alikuwa Alex Yee. Walishinda. Wanawake walioadhibiwa kwa kushikana mikono walipewa dhahabu katika mchezo ambao huwezi kuendelea bila kuguswa mkono, na pamoja nao alikuwa yule mdogo aliyewahi kukokotwa na kaka yake.

Kamba

Zipo aina za mchezo huu zinazomtaka mtu awe na mwenzi. Wanariadha wasioona hushindana pamoja na kiongozi: majini na katika kukimbia wameunganishwa kwa kamba fupi, na barabarani hupanda baiskeli moja ya watu wawili. Kiongozi haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mwenzake, na haruhusiwi kuuvuka mstari kabla yake. Muingereza Dave Ellis na kiongozi wake Luke Pollard walitoka mashindanoni huko Tokyo kwa sababu ya kuharibika kwa mnyororo wa baiskeli yao. Huko Paris, mwaka wa 2024, walirudi pamoja na kutwaa dhahabu, na kiongozi naye huvishwa medali.

Dick Hoyt wa Marekani alikwenda mbali zaidi. Mwanawe Rick alizaliwa mwaka wa 1962 akiwa na ulemavu uliomzuia kutembea na kuzungumza. Kuanzia mwaka wa 1977 baba alikimbia akimsukuma mwana katika kiti cha magurudumu, na baadaye wakaingia katika triathloni, hadi Ironman: Dick akiogelea huku akivuta mashua ndogo iliyombeba Rick, kisha akiendesha baiskeli yenye kiti chake mbele, kisha akikisukuma kiti. Hapo swali la nani amshinde nani halina nafasi kabisa.

Na huko Uswidi upo mchezo uliozaliwa kutokana na mzaha wa marafiki. Mwaka wa 2002 wanaume wanne, wawili kwa wawili, waliwekeana dau la kutoka kisiwa cha Utö hadi Sandhamn kwa kukimbia visiwani na kuogelea katikati yake. Tangu 2006 safari hiyo imekuwa shindano rasmi liitwalo Ötillö, yaani kisiwa hadi kisiwa. Washiriki huenda wawili wawili, huogelea wakiwa na viatu, na wengi hufungana kamba ili mwenye nguvu amvute mwenzake. Huruhusiwi kumwacha. Mwendo wa timu ni mwendo wa aliye dhaifu kati yao kwa wakati huo, na waliowahi kushiriki husema udhaifu huo huhama: asubuhi ni wako, mchana ni wa mwenzako.

Kilomita ya pili

Kiswahili kina kitenzi kingine ambacho wakimbiaji wanapaswa kukitumia kwa hadhari. Ukimpita mwenzako umemwacha. Lakini wawili wakiachana, ndugu zao huitwa kusuluhisha.

Katika sehemu ya baiskeli sikumwona mchumba wangu. Nilimfikia katika kukimbia, ambako mimi ndimi mwenye nguvu, karibu na alama ya kilomita ya pili. Jua lilikuwa limepanda na mchanga ulikuwa ukiingia viatuni. Alikuwa akienda kwa hatua fupi, ameushika ubavu wake wa kulia. Nilipunguza mwendo nikawa kando yake. Hatukusema neno kwa mita mia moja hivi.

"Nenda," akasema.

Nilimwambia sina haraka.

"Kwani tulikubaliana nini jana?"

Nilimkumbusha kamba ya kiatu. Akacheka kidogo, akaushika ubavu tena, kisha akasema kwamba lile lilikuwa jambo jingine. Kule, alisema, alikuwa akihakikisha nimetoka majini. Hakuwa akiningoja nimfikie ili twende sambamba. Alitaka tu kujua kwamba nipo, na angalimuuliza mwokoaji iwapo pangekuwa na wa kumuuliza. "Hapa unaniona. Siwezi kuzama barabarani. Nenda, usinifanye mgonjwa."

Nilikwenda. Nilitangulia kumaliza kwa dakika tatu hivi, nikasimama upande wa pili wa mstari nikiwa na chupa mbili za maji. Alipovuka alichukua chupa moja, akakaa chini ya mkwaju pamoja na marafiki wetu, akamuuliza mwalimu alikuwa wa ngapi. Alikuwa wa sita miongoni mwa wanawake. Alirudia namba hiyo mara mbili.

Tangu siku hiyo tumelijadili suala hili mara nyingi na hatujakubaliana. Mimi nashikilia kwamba nafasi ya pili haikuwa yangu kuipokea. Yeye anashikilia kwamba siwezi kukataa kitu ambacho hakikutolewa kwangu, kwa kuwa dakika zile nne alizitumia kwa ajili ya moyo wake mwenyewe, na kwamba angaliondoka mapema angaliendesha baiskeli huku akitazama baharini. Mwalimu anasema sote wawili tulivunja mkataba na tunastahili adhabu. Tumejiandikisha tena, wote wanne. Kwa sasa naamkia kidimbwini siku tatu kwa juma, na sehemu ambayo siwezi kuigusa sakafu nimeivuka mara kadhaa.